Viguzo Tisa, Matundu Sita

Niliishia darasa la nne. Naliweka hili mbele ili anayetaka kucheka acheke sasa, amalize, tuongee kazi. Kwa elimu hiyo hiyo nilitengeneza redio miaka ishirini na ushei, kisha nikaunganisha kompyuta kwa mikono hii, hapa hapa Dodoma, wakati wengi wenu hamjazaliwa na wenye vyeti walikuwa wanazunguka mbali nazo kama mtu anavyomzunguka mbwa asiyemjua.

Nyinyi vijana mnanijia na mashine mnasema, mzee, hii imekufa. Mimi nauliza kwanza kama imekufa moja kwa moja au inakufa na kufufuka. Iliyokufa moja kwa moja ni kazi ya asubuhi moja. Unaufuata umeme kutoka ukutani, unapita nao kwenye waya, kwenye fyuzi, mpaka pale ulipokatikia. Ugonjwa umekaa mahali, unakusubiri. Lakini hii inayowaka mbele yako ikazima mbele ya mwenyewe, hiyo ndiyo kazi. Hiyo haitaki nguvu wala cheti, inataka mtu mbishi wa kutaka kujua. Mtu wa hasira ataipiga kofi. Mtu wa haraka atabadilisha vifaa vyote. Na mtu wa majivuno atasema mteja ndiye mbovu. Hilo la mwisho nalijua vizuri, na ndilo nililokaa hapa kuliandika.

Kazi nilijifunzia Kongwa, kwa Mzee Chilewa. Ujanani alikuwa kibarua kwenye karakana ya Wazungu wa ule mradi wa karanga. Mradi ulipokufa wao wakaondoka, yeye akabaki na bisibisi mbili na ujuzi alioupata kwa kutazama tu. Ukimuuliza kitu hakujibu. Alikuonyesha mara moja, ukikosa kuona shauri yako. Alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, ukimaliza kufunga redio, meza iwe tupu. Skrubu ikibaki, hata ya mguu wa redio, aliichukua akampelekea mwenye redio mbele yako, akamwambia, "Huyu kijana wangu alikuibia hii, nakurudishia." Mimi nilifanyiwa hivyo mara moja, mbele ya mwalimu wa shule na mke wake, na nilitamani ardhi ya Kongwa inimeze. Tangu siku ile kila nilichokiona mezani nilikitafutia tundu. Sheria ya pili ilikuwa ya umeme: bati la chini la redio ndiyo ardhi yake, kwa hiyo bodi ikishikana na bati sehemu nyingi, redio hutulia, haingurumi.

Sheria zote mbili ni za kweli. Zishikeni, kwenye redio.

Kisha ikaja ile miaka ya ruksa, biashara ikafunguliwa. Kabla ya hapo redio ilikuwa mali, mtu anaitengeneza mpaka inabaki jina. Ghafla maduka yakajaa redio za Dubai, nyepesi kama kiberiti, ikiharibika mtu anatupa ananunua nyingine. Kibandani kwangu karibu na stesheni nikawa nakunywa kahawa kuanzia saa tatu asubuhi, namsalimia kila anayepita nikidhani ni mteja. Siku moja bwana mmoja wa ofisini akaniletea monita ya kompyuta, akaniuliza kama televisheni naweza. Nikaifungua, na kweli, ndani ilikuwa televisheni tu iliyosomeshwa. Nikaitengeneza. Akarudi na kasha lenyewe, lile mnaloliita sipiyu. Nikalifungua, nikakaa nalitazama kutwa nzima bila kugusa. Nilisahau kula. Redio nilikuwa nimeizoea kama mke wa zamani, najua atakachosema kabla hajasema. Hiki kitu kilikuwa kimya kabisa. Hakuna koili ya kuzungusha, hakuna valvu ya kuangalia kama inang'aa. Nikajiambia, Ndahani, usipokijua hiki utazeeka hujui.

Basi nikawa najifunza kwenye mizoga. Kila kompyuta iliyotupwa na ofisi niliifuata. Nilijifunza kwamba kumbukumbu ya mashine, kile kijikadi kirefu chenye meno ya dhahabu, ukikitoa ukakipangusa meno kwa raba ya penseli na kukirudisha, nusu ya wagonjwa wanapona. Nilijifunza kusikiliza mlio wa kuwaka. Mmoja mfupi, mashine iko salama. Mrefu unaorudia rudia, inalilia kumbukumbu. Kule Bahi nilikuta mjusi ameokwa ndani ya boksi la kugawia umeme, na mwenye mashine alikuwa ameshatumia wiki nzima akilaumu mvua. Padri mmoja wa Mpwapwa kila akipanda basi na kompyuta yake kuja mjini inafika haiwaki, nikamwambia hakuna ugonjwa, ni ile barabara inatikisa kadi zinachomoka. Aipakate kama mtoto. Akaipakata, ikapona. Hayo yote mnayajua au mtayajua. La Bi Zuhura hamlijui.

Bi Zuhura alikuwa mtu wa mjini hasa. Babu yake alikuja na misafara ya zamani, akatua mzigo hapa na hakuubeba tena. Yeye alikuwa mpiga chapa wa ofisi ya serikali tangu usichana wake, vidole vinakwenda bila macho. Serikali ilipoanza kupunguza watu, orodha ya wanaopunguzwa aliletewa yeye aichape. Jina lake lilikuwa ukurasa wa pili. Aliniambia alilichapa bila kukosea herufi, akageuza karatasi, akaendelea.

Nyumba ya marehemu baba yao ilikuwa na chumba cha mbele chenye mlango wa barabarani. Kaka yake mkubwa, Sefu, alikwisha kumpata mpangaji, mfanyabiashara wa nguo, ambaye alitaka kuingiza mzigo kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama ili auze nguo za Idi. Bi Zuhura akasema chumba hicho anakitaka yeye, afungue ofisi ya kuchapa kwa kompyuta. Ndugu wakakaa kikao, wakamaliza hivi: mashine ikiwa inafanya kazi barabara kabla mwezi kuandama, chumba ni cha Zuhura. Isipokuwa hivyo, chumba cha mpangaji, na yeye akae uani na mama yao asaidie kupika. Zilikuwa zimebaki wiki sita. Kompyuta nzima ya dukani ilikuwa haishikiki kwa bei, ndipo mtu akamwelekeza kwangu. Nikamwambia alete vifaa, nitamuunganishia, na itakuwa nzuri kuliko ya duka. Sikuwa nimewahi kuunganisha mpya tangu mwanzo. Nilikuwa nimefufua mizoga tu. Hilo sikumwambia.

Vifaa vikaja na basi kutoka Dar vimefungwa kwenye magazeti, nikavipanga juu ya mkeka kibandani kama mtu anayepanga vyombo vya harusi. Kasha jipya, boksi la umeme, diski, kumbukumbu, kadi ya monita, na bodi kubwa ambayo kila kitu huchomekwa juu yake. Pamoja na kasha kulikuwa na kifuko cha viguzo vya shaba, kila kimoja urefu wa punje ya mahindi. Kazi yake nieleze, maana kisa chote kiko hapo. Bodi kubwa hailali juu ya bati la kasha. Mgongo wake umejaa nundu za risasi ya kulehemu, kila nundu na umeme wake, zikigusa bati ni shoti. Kwa hiyo unafunga viguzo kwenye bati, unaweka bodi juu yake, na skrubu inapita kwenye tundu la bodi na kuingia kichwani mwa kiguzo. Bodi inakaa hewani kama ghala la nafaka juu ya miguu yake.

Nikahesabu viguzo, tisa. Nikahesabu matundu ya bodi, sita. Nikageuza bati la kasha: lina sehemu tisa za kufungia viguzo. Nikakaa nikafikiri. Bati linasema tisa, kifuko kinasema tisa, bodi peke yake inasema sita. Ilikuwa ndiyo miaka tunaanza kujifunza vyama vingi, nikaona bodi imeshindwa kura. Kijitabu chake kilikuwa cha Kiingereza. Mimi nilisoma picha, na picha haikunikataza. Nikafunga viguzo vyote tisa. Sita vikashika skrubu. Vitatu visivyo na tundu nikasema vitakuwa vya kuegemea, bodi isibonyee katikati. Meza ikabaki tupu. Nilijisikia vizuri sana, na kama Mzee Chilewa angekuwa hai ningempelekea aone.

Nikaiwasha ikiwa imelala ubavu juu ya meza, kifuniko wazi. Mlio mmoja mfupi. Siku mbili nzima iliwaka bila kukohoa. Nikaifunga, nikaipeleka kwa baiskeli, nikaisimamisha kwenye meza aliyotengenezewa na seremala, monita juu, kasha chini pembeni. Mama yake, ambaye alikuwa mwenyeji wa kweli wa nyumba ile, akaivalisha kitambaa cha kufuma cheupe kama anavyovalisha redio na kabati. Tukanywa chai.

Siku ya pili adhuhuri akanitumia mtu. Alikuwa katikati ya barua, mashine ikaganda. Akaizima na kuiwasha tena: feni inazunguka, monita nyeusi, na ule mlio mrefu unaorudia. Nikafika na raba yangu ya penseli. Nikailaza kwenye mkeka, nikafungua, nikapangusa meno ya kumbukumbu, nikawasha. Safi. Nikaisimamisha, nikaondoka kifua mbele. Saa kumi akanitumia mtu tena.

Sasa fuateni vizuri jinsi akili ya fundi inavyozunguka. Niliibeba nikairudisha kibandani. Kibandani, juu ya meza, ikawaka siku tatu. Nikairudisha kwake, ikafa jioni ile ile. Kwangu nzima, kwake mgonjwa. Mtu yeyote atasema ni umeme wa nyumba, nami nikasema hivyo. Mtaa ule ulikuwa na mashine ya kusaga, na ikianza kazi taa zilikuwa zinafifia. Nikapima ukutani kwa tesa, kweli umeme unashuka. Nikaazima stabilaiza ya kusawazisha umeme. Ikafa ikiwa na stabilaiza. Nikasema basi ni joto, maana mwezi wa kumi na moja Dodoma hata kivuli kinatoa jasho, na kile kitambaa kimeziba matundu ya hewa. Nikamwomba mama akivue. Akakivua, akanitazama kama nimemvua mtoto wake nguo mbele za watu. Ikafa bila kitambaa. Nikapuliza vumbi, nikabadilisha boksi la umeme, nikatia kumbukumbu ya kwenye mzoga. Kila nikibadilisha kitu inapona, nashangilia, naondoka, inakufa.

Wiki zikawa zinakwenda. Bi Zuhura hakunipigia kelele hata siku moja. Aliketi tu mbele ya ile mashine nyeusi na mikono mapajani, mikono ambayo sikuwahi kuiona imetulia.

Ndipo siku moja Sefu akanikuta barazani kwao natoka. Mama alikuwa hapo, na majirani wawili watatu wanapunga hewa. Sefu ni mtu wa maneno, na sisi Wagogo ni watani wa watu wa kwao tangu babu zetu. Akasema kwa sauti ya kutosha watu wote, "Mgogo, ng'ombe huyo uliyemuuzia dada yangu mbona kila siku analala? Ugonjwa wake nini?"

Na mimi sikujua. Hilo ndilo lililoniuma. Si utani wake, ni kwamba sikujua. Ningesema sijui ingekwisha pale pale. Badala yake nikasema, "Mashine yangu nzima, Kaka Sefu. Hizi zinataka mkono uliosomea. Ukiizima vibaya inasusa."

Sefu akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa alichokuwa anakitafuta. Mama akaangalia chini. Mlangoni nyuma yangu Bi Zuhura alikuwa amesimama na sinia la vikombe vyetu vya chai, na alikuwa amesikia.

Vijana, nimeungua kwa chuma cha risasi mara nyingi, nimepigwa na umeme wa televisheni mpaka ulimi ukawa na ladha ya shaba. Kufanya kazi katika nyumba ulimomwaga uongo ni kubaya zaidi. Siku mbili sikwenda. Siku ya tatu nilikwenda kwa sababu mwezi ulikuwa unakaribia, na kwa sababu nyingine pia, nisijitie utakatifu: nilikuwa nataka kujua. Kile kitu kilikuwa kinanicheka. Nilikuwa naamka nakifikiria.

Bi Zuhura akanikaribisha kama kawaida. Hakulitaja lile la barazani. Aliingia ndani akatoka na karatasi, akanipa. Ilikuwa imechapwa kwa mashine yake ya zamani ya mkono, mistari imenyooka kama bati. Kila mara kompyuta ilipokufa alikuwa ameandika: siku, saa, alikuwa anafanya nini, mashine ya kusaga inafanya kazi au imefungwa, kitambaa kipo au hakipo. Mara kumi na moja. Na chini ya kila moja, fundi alipofika alifanya nini na mashine iliwaka wakati gani.

"Ofisini mtu akilalamika tulikuwa tunamwambia alete kwa maandishi," akasema. "Nimeleta."

Mimi kusoma nasoma polepole, kidole kwenye mstari. Siku hiyo polepole ilinifaa. Mstari wa nne, imekufa saa moja asubuhi, baridi, kusaga kumefungwa, kitambaa hakipo. Basi si joto, na si mashine ya kusaga. Mstari wa saba, imekufa hakuna aliyeigusa, yeye yuko jikoni. Basi si mkono wake. Nilipita hapo haraka. Kisha nikaanza kusoma yale maneno ya chini, na kidole changu kikasimama. Mara ya kwanza ameandika: fundi ameilaza chini afungue, amepangusa, imewaka. Mara ya tatu: ameilaza, ameiwasha kabla hajatoa kitu, imewaka. Mara ya tisa: ameilaza chini, imewaka, amesema ni vumbi.

Nikamuuliza, "Uliandika kwamba nimeilaza. Kwa nini?"

"Kwa sababu uliilaza," akasema. "Mimi sijui kipi ni cha maana na kipi si cha maana. Naandika vyote."

Wenzangu, nikairudia mistari ile kwa kidole. Kibandani kwangu meza ni fupi, kasha hulala siku zote. Kwake linasimama. Sikuwahi kusimamisha mashine ile kwangu hata dakika moja, na sikuwahi kuilaza kwake isipokuwa ninapoitengeneza. Nilikuwa naiponya kwa kuilaza na kuiua kwa kuisimamisha, na katikati nasingizia raba ya penseli.

Sikufungua kitu. Nikaomba nafasi sakafuni tu. Nikailaza, nikawasha, ikawaka. Nikaisimamisha polepole, ikaganda; siku za kwanza ilikuwa inachukua saa, sasa haikungoja hata dakika. Nikailaza, nikawasha. Nikaiegemeza kwa ndala moja, iko hai. Ndala mbili, hai. Nikaiinua zaidi, ikafa. Bi Zuhura akavuta mkeka akaketi, akachukua karatasi mpya, kila ninachofanya anaandika. Ilikuwa kama watoto wanaocheza kombolela, yeye anahesabu mimi natafuta. Mama akapita, akasimama, akauliza kama siku hizi kompyuta zinalazwa kama wagonjwa. Tukamwambia ndiyo.

Sasa nikajiuliza kinachobadilika kikisimama ni nini. Umeme haujui juu na chini. Kinachojua juu na chini ni uzito. Na kitu kizito kuliko vyote kilichoshikana na bodi ile kilikuwa waya wa monita. Waya wa siku zile ulikuwa mnene kama kamba ya kufungia ng'ombe, nao umefungwa kwa skrubu kwenye kadi, na kadi imechomekwa kwenye bodi. Mashine ikilala, waya unalala. Ikisimama, waya unaning'inia, unavuta kadi, kadi inapinda bodi. Nikaisimamisha nikiwa nimeushika waya juu kwa mkono. Ikawaka. Nikauachia. Ikaganda. Nikaushika, Bi Zuhura akaiwasha, ikawaka. Tulifanya hivyo mara sita, si kwa sababu ilihitajika, ni kwa sababu ilikuwa tamu.

Lakini bodi ikipinda kidogo, kosa nini? Iko hewani. Labda iguse kitu. Iguse nini huko nyuma, wakati nyuma hakuna kitu?

Hapo nilijua.

Nilitoa kadi, nikafungua skrubu sita, nikainua bodi ile kwa mara ya kwanza tangu niifunge. Nilikuwa nimebadilisha kila kitu isipokuwa hicho, kwa kuwa hicho nilikuwa nimekifunga vizuri. Nikaigeuza mgongo. Pembeni mwa mahali kumbukumbu inapochomekwa, nundu mbili za risasi zilikuwa zimesuguliwa kidogo kidogo wiki zote hizo mpaka zinang'aa, doa dogo kama punje ya uwele. Na chini yake, juu ya bati, kimesimama kiguzo changu cha shaba kisicho na tundu, kichwa chake kimepakwa risasi. Kile cha kuegemea. Bodi ikivutwa, inaegemea kweli, na kumbukumbu inapigwa shoti.

Nikavifungua vitatu vyote. Nikarudisha bodi juu ya sita. Nikafunga, nikasimamisha, nikauacha waya uning'inie, nikautikisa. Nikalipiga kasha kofi. Bi Zuhura akaketi kitini, vidole vikaanza, na ule mlio wa kibodi ukajaa chumba. Alichapa tangu saa nne mpaka baada ya adhuhuri, kurasa nzima nzima, hata sijui alikuwa anachapa nini.

Nyinyi mnaounganisha leo, kabla hamjatia bodi ndani ya kasha, iwasheni nje kwanza, juu ya boksi lake la karatasi. Ikiwaka nje na ikafa ndani, kosa liko kwenye kufunga. Na mkibakiwa na viguzo, vibaki. Hesabuni matundu ya bodi, si ya bati. Nilihitaji wiki nne kujifunza maneno haya machache.

Ningeweza kuondoka pale nikiwa shujaa. Nilikuwa nakusanya bisibisi zangu wakati Sefu alipoingia na yule mpangaji wa nguo, mtu mpole mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono, na futi ya kupimia. Zilikuwa zimebaki siku mbili mwezi kuandama. Akaona mashine inawaka na dada yake anachapa, akasimama.

"Leo inafanya kazi," akasema.

"Inafanya," nikasema.

"Leo wewe upo, Fundi. Kesho ukienda zako ataizima vibaya, itasusa. Si ulisema mwenyewe?" Akamgeukia mpangaji. "Huyu ndiye fundi wake, na ndiye aliyesema. Pima tu, ndugu yangu."

Mpangaji akavuta futi. Vidole vya Bi Zuhura vikasimama. Hakunitazama mimi, alitazama kibodi, na nikaelewa kwamba mashine nzima haitoshi. Nilikuwa nimetengeneza kosa moja, lingine liko mdomoni mwa Sefu na linatembea.

"Kaka Sefu, nilikudanganya," nikasema. "Hakuwahi kuizima vibaya. Nilifunga viguzo ambavyo havikutakiwa kufungwa, nikaiua mashine mimi mwenyewe kwa mkono wangu. Ulipouliza sikujua ugonjwa, nikaona haya, nikamtupia yeye."

Sefu akauliza kama nasema hivyo kwa kumhurumia dada yake. Nikamwambia mimi simhurumii mtu, nikampa ile karatasi ya mistari kumi na moja. Hakuisoma. Mpangaji ndiye aliyeichukua, akaisoma yote, midomo inacheza, mpaka pale pa chini. Akauliza nani kaandika. Nikamwambia, huyo ambaye hajui mashine. Akaizungushia futi yake vidoleni taratibu mpaka ikaisha, akamwambia Sefu kwamba chumba kizuri lakini kina mwenyewe, na akamuuliza Bi Zuhura kama anachapa vibandiko vya bei. Akajibu anachapa. Sefu akanigeukia, akasema, "Nyinyi watu," akatoka nje kumsindikiza mgeni.

Nikabeba mfuko wangu. Nilidhani nimemaliza. Bi Zuhura akasema bila kugeuka, "Fundi, lile la kwanza ulilisema barazani. Mama alisikia, na watu walisikia. Hili umelisema chumbani."

"Mama yuko wapi?"

"Uani."

Nikaenda uani. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda anachambua mchele, ungo magotini. Nikachuchumaa, nikasema shikamoo. Akaitikia. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba kosa la mashine lilikuwa langu, si la binti yake. Hakuinua macho. Akaokota kijiwe kwenye mchele, akakitupa.

"Sema kwa nguvu," akasema. "Mama Hadija yuko nyuma ya ukuta huo, na yeye ndiye aliyeipeleka habari ile ya kwanza mpaka sokoni."

Nikasimama. Nikavuta pumzi, nikalisema upya lote, viguzo tisa, matundu sita, uongo wa barazani, kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia tena tangu siku ile. Kisha ng'ambo ya ukuta mtu akatua sufuria chini, na sauti ya mwanamke ikajibu:

"Tumekusikia, Fundi. Ila hapo kwenye matundu rudia, hatujaelewa."